Injini Ikilia, Iache Ilie

Kimuli, Kyerwa
3 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lako linavumilia baridi hii ya asubuhi. Sisi huku hatujambo. Kaka Dastan anakula vizuri. Mimi nalala vizuri kiasi.

Nimeamua kuandika kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu nilipaza sauti hadi majirani wakatoka nje wakidhani nimefiwa, nawe ukanijibu kuhusu mbuzi. Barua utaisoma kwa utulivu, umekaa kwenye kile kiti chako cha lori hapo barazani. Ataileta Hategekimana, yule wa bodaboda anayepeleka sampuli za kahawa kiwandani Karagwe. Amesema kupita Nyakahanga si kazi.

Baba, lori la dizeli hapa ghalani limekufa. Fundi anasema ni pampu, na pampu nyingine itatoka Mwanza, labda baada ya miezi miwili. Meneja wetu, Bwana Nshimiyimana, hakutaka kusubiri. Amenunua gari la petroli. Ni pikapu kubwa ya Kimarekani, usukani uko kushoto, ilikuwa ya mradi fulani uliofungwa. Nyuma yake wamefunga tela lililoungwa kwa kuchomelea vyuma, ambalo halina breki zake lenyewe. Wanasema litabeba magunia sitini.

Watu wanacheka. Mama Benadeta, anayechambua kahawa, amelizunguka mara mbili akasema, "Hili si la kahawa. Hili ni la kumpeleka bibi harusi kanisani, na bibi harusi mwenyewe awe mwembamba."

Dereva ni Kaka Dastan. Amelijaribu na tela tupu hadi Nyakatuntu na kurudi, na sasa hasemi kingine. Anasema linapanda mlima kama limetukanwa. Mimi kupanda hakunisumbui. Nafikiria kushuka, hasa mteremko wa Akagongo kwenye njia ya Karagwe, wenye kona tatu na lile daraja jembamba chini.

Nakueleza haya kwa sababu mimi ndiye ninayesaini hati ya safari. Bila sahihi yangu mlinzi hafungui geti. Juu ya mstari wa sahihi pameandikwa: "Nathibitisha kuwa chombo na mzigo viko salama kwa safari." Lori la dizeli nilikuwa nalisainia bila kusoma, kwa kuwa lilikuwa kama lile ulilotulelea. Hili silijui. Safari ya kwanza ni wiki ijayo. Naomba unifundishe, na unipe neno la kumwambia Kaka.

Msalimie Mama. Mwambie soksi zimefika.

Mwanao,
Costansia


Nyakahanga, Karagwe
6 Juni 2024

Costansia mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linaniamsha kabla ya jogoo. Mama yako hajambo, anapalilia migomba na kunilalamikia kuwa sisikii, wakati mimi naona midomo yake vizuri kabisa.

Umefanya vyema kuuliza. Karani anayesoma anachosaini ni mtu adimu.

Sasa sikiliza. Gari la petroli lina nguvu, simkatalii kaka yako. Lakini nguvu yake ni ya haraka, na mzigo hautaki haraka. Dizeli huvuta taratibu na hushuka taratibu. Mtu aliyezoea dizeli akipewa petroli na tela hudanganyika akiwa anapanda, ukweli anaujua akishuka.

Nitakueleza jambo ambalo Dastan analijua nusu. Mwaka 1997 nilishuka Akagongo na tani saba za kahawa ya chama, gia ya pili. Mzigo ukanisukuma. Injini ikaanza kulia, ikalia kama ng'ombe anayechinjwa vibaya. Nami nikaiacha ilie, nikidhani ndiyo inanishikia gari. Kabla ya daraja chuma kikatoboa ubavu wa injini kikatoka nje, na oili ikamwagika barabara nzima. Nilijipigiza kwenye ukingo ndipo nikasimama. Nilisimamishwa kazi mwaka mzima. Dastan alikuwa na miaka minne, tukala ndizi bila maharage.

Tangu siku hiyo nina amri moja, na ndiyo niliyomfundisha kaka yako akiwa hajaota ndevu. Injini ikianza kulia mteremkoni, isiachwe ilie. Apandishe gia moja, injini itulie, kasi iliyobaki aimalize kwa breki. Kwa dizeli ni hivyo, na kwa petroli ni zaidi, maana injini yake ni nyepesi kama sufuria.

Msomee Dastan maneno haya kwa sauti, mbele ya gari lenyewe. Mwambie ni amri, si ushauri.

Nimefunga ndani ya bahasha akamwani kidogo, mama yako ndiye aliyeichemsha na kuikausha. Aitafune njiani. Dereva mwenye kahawa mdomoni haongei ovyo wala hasinzii.

Wako,
Baba


Kimuli
13 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Sisi hatujambo, na kahawa ya kutafuna ilifika ikiwa nzima. Kaka aliimaliza kabla ya kufika geti.

Nilimsomea barua yako mbele ya gari kama ulivyoagiza. Wapakiaji walisimama kusikiliza, na nilipofika pa ng'ombe hakuna aliyecheka. Kaka alivua kofia. Akasema, "Amri ya mzee imepokelewa."

Safari ya kwanza ilikuwa juzi, magunia sitini. Aliporudi nilimuuliza kama amefuata amri. Alisema ndiyo, Akagongo injini ilianza kulia kwenye kona ya kwanza, akapandisha gia mara moja, ikanyamaza. "Chini pale magurudumu yalinuka kidogo," akasema, "kama plastiki iliyoangukia motoni. Na pedali ilikuwa laini. Ila nimefika." Alisema huku akicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Baba, sijui niandikeje hili lisionekane ukosefu wa adabu. Nimeanza mara tatu na kuchana.

Kwenye mfuko wa mlango wa lile gari kuna kitabu cha kiwanda kilicholitengeneza. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyekuwa amekifungua. Nimekisoma siku mbili wakati wa chakula cha mchana, na kamusi pembeni. Nilirudia ukurasa wa kuvuta tela mara nyingi ili nisije nikawa nimeelewa vibaya. Kinasema kwamba katika mteremko mrefu dereva aweke gia ya chini kabla hajaanza kushuka na abaki nayo hadi mwisho. Kinasema injini itazunguka kwa kasi na itapiga kelele kubwa, na kelele hiyo si dalili ya ubovu, ndiyo injini inashika mzigo. Halafu kinaonya kuwa anayepandisha gia ili kupunguza kelele anazitwisha breki mzigo wote, nazo hupata moto hadi zinaacha kushika.

Kinasema pia kuwa tela zito namna ile lazima liwe na breki zake. Nilimwambia meneja. Alinijibu, "Karani, Kyerwa nzima haina tela lenye breki. Unataka tuhamie wapi?"

Nilimwonyesha Kaka ule ukurasa. Aliutazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya ukoo usio wake. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ni wa makaratasi. Mzee ameendesha miaka thelathini na moja. Hicho kitabu kimeendesha wapi?"

Hatanisikiliza mimi. Atakusikiliza wewe tu. Sisemi kwamba umekosea, Baba. Naomba tu ufikirie kama injini hizi mbili huenda hazifanani, na kama ni hivyo umwandikie neno jingine. Tarehe 28 kuna safari kubwa kabla ya mnada, na meneja anataka magunia themanini.

Nisamehe.

Mwanao,
Costansia


Kimuli
20 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Nimehesabu siku saba bila jibu lako. Hategekimana ameapa kwamba barua aliiweka mkononi mwako mwenyewe, na kwamba uliisoma umesimama, ukaingia ndani bila kumkaribisha maji. Kama nimekukosea, nikemee, lakini usininyamazie.

Jana Kaka alifanya safari ya pili, magunia sitini na tano. Hategekimana alikuwa nyuma yake na sampuli. Ananiambia Akagongo aliona moshi mweupe ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Pale darajani gari halikupunguza mwendo inavyopaswa, na mwanamke aliyekuwa anavuka na mkungu wa ndizi aliutupa mtoni akaruka. Mkungu umepotea. Mwanamke ni mzima. Baada ya daraja Kaka alisimama, akachota maji ya mto akayamwagia magurudumu hadi yakachemka.

Nilipomuuliza alisema, "Unataka niiache injini ilie itoboke kama ya mzee? Ninayo sauti ile kichwani, Costa. Sijawahi kuisikia lakini ninayo."

Zimebaki siku nane.

Mwanao,
Costansia


Nyakahanga
22 Juni 2024

Costansia,

Marahaba. Sisi ni wazima.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa mtoto anayemfundisha baba yake kwa kitabu. Kitabu chako hakijawahi kushuka Akagongo. Waliokiandika wana barabara za lami pana kama uwanja wa mpira. Mimi ile njia naijua kwa makalio. Niliwasomesha wewe na yeye kwa njia ile. Sikuwasomesha ili siku moja mniandikie kwamba magurudumu yananuka kwa sababu yangu.

Hukusema hivyo, najua. Lakini ndicho ulichosema.

Najua pia unachofikiri. Unafikiri mzee hasikii, atajuaje injini. Ni kweli, sisikii hata pikipiki inayoleta barua zako, naona vumbi tu ndipo nainuka. Masikio haya yaliliwa na dizeli. Ile ya 1997 ndiyo injini ya mwisho niliyoisikia sawasawa, na ningali naisikia. Hakuna nyingine iliyokuja kuifuta. Kwa hiyo usinifundishe kilio cha injini.

Breki zikinuka, apunguze mwendo juu kabisa kabla ya kona ya kwanza. Na asimwagie maji tena, vyuma vitapasuka. Hayo tu.

Nina swali moja, na ulijibu kama ulivyo, bila kuongeza. Kwenye gari hilo kuna saa inayoonyesha mizunguko ya injini. Alama nyekundu inaanzia namba ngapi?

Baba yako

Mimi ni Mama, kaniachia nafasi chini hapa akidhani naandika salamu. Costa, barua yako ya tarehe 13 kaiweka ndani ya Biblia. Kila asubuhi anaitoa, anakwenda kukaa kwenye kiti chake cha lori, anashika usukani usiokuwepo na kusogeza mkono wa gia usiokuwepo. Jana nilimwona anarudia mara nyingi. Usiache kumwandikia.


Kimuli
24 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Asante kwa kunijibu. Mshukuru Mama kwa salamu zake.

Ulisema nijibu bila kuongeza. Nimekwenda mwenyewe kwenye gari la petroli, nimewasha swichi, nimetazama saa ya mizunguko. Alama nyekundu inaanzia tano na nusu, yaani mizunguko elfu tano na mia tano.

Kisha, hapa naongeza kidogo, unisamehe, nilikwenda nyuma ya ghala lilipoegeshwa lori la dizeli. Kuku wametaga kwenye kiti. Nilifuta vumbi kwenye saa yake. Pale nyekundu inaanzia karibu na tatu.

Nadhani nimeelewa, Baba. Injini yako ya 1997 ilipolia ilikuwa kwenye tatu na zaidi, na kweli ilikuwa inakufa. Ulichojifunza siku ile ni sahihi kabisa kwa lori lile, na kimemlinda Kaka miaka yote aliyoendesha dizeli. Lakini hili la petroli likifika tatu bado linatembea tu. Likifika nne linapiga kelele kwa sababu linafanya kazi. Nilimwomba Kaka anieleze hupandisha gia saa ya mizunguko ikiwa kwenye ngapi. Alisema hajawahi kuitazama. Anasikiliza.

Meneja ameagiza magunia themanini yapakiwe Ijumaa asubuhi. Nimemwambia kwa heshima kwamba sitasaini. Nilikuwa nimeshika meza. Alinitazama kwanza kwa mshangao, kama meza ndiyo iliyosema, kisha akasema makarani wako wengi hata barabarani. Ninaamini hivyo pia. Kaka ameacha kuongea nami. Anasema nimemwaibisha, kwamba watu watasema dada yake haamini udereva wake.

Naogopa sana, Baba. Naogopa kupoteza kazi, na naogopa zaidi nikisaini. Mstari ule unasema "nathibitisha," na mimi sijathibitisha kitu isipokuwa kwamba tunaelekea kumzika Dastan. Ijumaa nitakaa ofisini na kalamu mfukoni. Kama neno lako kwa Kaka halijafika, kalamu haitatoka.

Mwanao,
Costansia


Kimuli
28 Juni 2024, mchana

Mpendwa Baba,

Shikamoo, ingawa nimekuamkia kwa mikono yote miwili leo asubuhi. Nakuandikia kwa sababu mmeondoka dakika arobaini zilizopita na siwezi kufanya jambo jingine. Hategekimana yuko mlangoni anangoja na sampuli zake. Atakuja nyuma yenu na barua hii. Ikiwa utaisoma, basi mmefika.

Nilikuwa natazama geti nikingoja barua. Nilipoona vumbi la bodaboda nikainuka, na aliyeshuka nyuma ya Hategekimana alikuwa wewe, na koti lako la kanisani na fimbo. Sikujua hata goti hilo linaweza kupanda pikipiki.

Kuna mambo hukuyasikia, na nataka uyajue. Ulipokuwa unalizunguka tela, unalipiga matairi kwa fimbo, Mama Benadeta alisema, "Huyo ndiye Kashaija. Sasa meneja atafute pa kujificha." Ulipomwambia meneja ateremshe magunia thelathini, alikujibu maneno mengi. Alisema yeye ndiye mwenye gari. Alisema mnada haungoji wazee. Hukusikia hata moja, ukabaki umesimama unaonyesha magunia kwa fimbo, na kadiri alivyoongea ndivyo wapakiaji walivyoteremsha. Mwisho alinyamaza mwenyewe. Yamebaki hamsini, na hamsini ndiyo niliyoandika.

Halafu ulifungua mlango wa abiria ukapanda. Kaka akakuuliza kwa ishara unakwenda wapi, ukasema kwa sauti uani kote ikasikika, "Nakwenda kutazama saa."

Nilisaini baada ya hapo. Baba, sikusaini kwa sababu ya magunia hamsini. Nilisaini kwa sababu ulipanda. Sasa nafikiri kwamba nimewasaini wote wawili.

Saa nane na nusu. Mnapaswa kuwa juu ya Akagongo. Nimempigia Kaka, simu inaita tu. Najua hapokei akiendesha, ulimfundisha wewe. Nimepiga tena.

Saa tisa kasoro kumi. Inaita.

Hategekimana anasema hawezi kungoja zaidi. Nafunga bahasha.

Mwanao


Nyakahanga
29 Juni 2024

Costansia mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, kwa hiyo tumefika. Dastan amesema alikutumia ujumbe jana jioni, maneno mawili. Hayatoshi. Nakuandikia mengine, nayo ni yako peke yako hadi utakapoamua kumwonyesha mtu.

Tulipofika juu ya Akagongo nilimwambia asimame. Nikamwambia aweke gia ya pili. Akaniambia kitu, nikamwambia, "Sisikii, weka ya pili." Akaweka. Tukaanza kushuka.

Nilikuwa nimeweka kiganja cha kushoto juu ya dashibodi, na macho kwenye saa. Ilipanda tatu. Kwangu tatu ni kifo, Costansia. Ilipita tatu kama mtu anayepita kwake. Tatu na nusu. Nne. Dashibodi ilikuwa inatetemeka hadi kwenye kiwiko changu. Nikamtazama kaka yako. Jasho lilikuwa linamtiririka na meno yametoka nje, kama mtu anayeng'olewa jino. Alikuwa anasikia. Mimi nilikuwa sisikii kitu. Palikuwa kimya kabisa kwangu, kama kanisani kabla ya ibada.

Kabla ya kona ya pili nikaona mkono wake unakwenda kwenye gia. Najua mkono ule. Niliufundisha mimi, nikiwa nimeufunika kwa mkono wangu, na yeye hafikii vizuri pedali. Ulikuwa unakwenda kupandisha. Nikaufunika tena. Nikaukandamiza na gia yake hapo hapo, nikapiga kelele, sijui kwa sauti gani, "Iache ilie! Dastan, iache ilie!" Saa ilikuwa nne na nusu. Nyekundu ilikuwa mbali bado.

Kona ya tatu akakanyaga breki kidogo ili tuikate vizuri. Nikaona mguu wake ukishuka hadi kwenye bodi na gari halikubadilika. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mwanangu. Breki hazikuwepo. Hazikuwepo kabisa, mama. Kilichokuwa kimetushika ni ile injini peke yake, na kelele ambayo mimi sikuisikia.

Tulivuka daraja kwa mwendo wa baiskeli. Mwanamke mmoja alikuwa anavuka na ndoo kichwani, akatupungia mkono, hakuona sababu ya kuitupa. Tuliachia gari lipande kile kilima cha upande wa pili likasimama lenyewe. Dastan akazima. Akaweka kichwa juu ya usukani. Nilikuwa bado nimeufunika mkono wake, na sikuwa na haraka ya kuuachia.

Kisha ulipita muda ndipo simu yake ikawaka kwenye kiti, na jina lako. Vidole vyake havikuweza kuibonyeza. Usimlaumu.

Tulimwita fundi kutoka Karagwe, akafungua magurudumu palepale. Pedi za breki zilikuwa zimeungua zote, nyeusi, zinavunjika mkononi kama mkate uliosahauliwa kwenye moto. Fundi akamwonyesha Dastan na kumuuliza amekuwa akishukaje milima. Dastan akainamisha kichwa. Hakusema ni amri ya nani. Nami nilikuwa nimesimama pale, nikasoma midomo yao wote wawili.

Sasa nakuambia wewe, maana fundi sikumwambia. Breki zile niliziunguza mimi. Niliziunguza kwa kalamu, nimekaa barazani Nyakahanga, kwenye kiti cha lori lisilokuwepo. Kama ungesaini themanini jana, au kama ungeninyamazia baada ya ile barua yangu ya ukali, leo mchungaji angekuwa hapa nyumbani.

Gari liko kwa fundi. Nimemwambia meneja, kwa simu ya Dastan, nikisema mimi tu bila kungoja majibu, kwamba halitavuta gunia hata moja hadi tela lipate breki zake. Dastan anasema alikubali. Labda. Anasema pia kwamba meneja amekuandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha chombo kwa muda wa saa tatu. Ukiipokea isaini kwamba umeipokea, kisha ilete huku. Nitaiweka kwenye Biblia pamoja na ile yako ya tarehe 13. Zikae pamoja.

Kaka yako atakuja huko Jumatatu kwa basi. Anaona haya, usimwanze. Ila kitabu kile mpe, na umsomee kwa Kiswahili, ukurasa wote, mbele ya gari likisharudi, na kwa sauti kubwa. Akikuuliza kimeendesha wapi, mwambie kimeshuka Akagongo, na baba yake alikuwa ndani.

Mama yako anakusalimu. Anasema ulale.

Mimi baba yako,
niliyekuwa dereva wa dizeli